Ufunguo wa Pili

Vua glavu, Bi Ardis. Weka mkono hapa, juu ya kioo.
Usiniulize ipi iliyo bora. Kila aingiaye huniuliza hivyo,
na mimi, miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta hii,
sijapata kuiona. Nimeona mikono tu.

Wako una baridi yabisi. Vifundo vimetuna kama tangawizi.
Jaribu hii: nyeusi, bapa, vijana wanaipenda,
kitako chake kimeshiba risasi kumi na tano.
Vuta kile kipande cha juu kije nyuma. Vuta.
Basi, basi, usijiumize.
Springi yake haina adabu kwa watu wazima.

Hiyo ndogo ya mkoba imekuvutia, naona.
Haizidi kiganja. Ina kishikio cha waridi.
Lakini udogo si upole:
chuma chepesi hurusha teke la punda,
na ukishaiogopa mara moja
utaizika kwenye droo, chini ya soksi za marehemu,
uiite ulinzi.

Nieleze nyumba.

Hatua tisa, kitandani hadi ukumbini.
Ukuta wa mbao na jasi. Ng'ambo ya ukuta
hulala Brynn, akija Ijumaa. Ana miaka sita.
Kichwa huelekea wapi?
Huku.
Risasi haiujui ukuta, Bi Ardis. Haiijui Ijumaa.
Kahamishe kitanda cha mtoto leo, kabla hujapika.
Ushauri huo hauna bei, na ndio wa kwanza.

Ndiyo, nimesikia ya kina Sorby: mlango wa nyuma,
saa nane za usiku, theluji magotini,
na sherifu yuko maili arobaini, anatafuta viatu vyake.
Sikucheki. Tangu kiwanda cha sukari kifungwe
mimi pia hulala sikio moja wazi.

Shika hii, basi. Ya kizamani, ya gurudumu, vyumba sita.
Nzito kama pasi ya bibi yako,
na huo uzito ndio unaomeza teke.
Haina cha kuvuta, haina cha kukumbuka gizani.
Ni kidole, na nia.
Kidole nitakifundisha Jumamosi, nyuma ya ghala,
tutatoboa karatasi mpaka masikio yako yazoee.
Nia siuzi.

Na sefu ndogo, ya tarakimu nne.
Usiweke mwaka wa harusi. Kila mtu anaujua mwaka wa harusi.

Swali la mwisho, na hili halimo kwenye fomu:
nani mwingine ana ufunguo?

Umenyamaza.

Darrell.
Huja lini?
Baa ikifungwa. Si kila mara, unasema,
ni pale mkewe anapokataa kumfungulia.
Hupapasa kitasa kama mgeni,
huvua buti kizani, hugonga kiti,
huganda pale pale, hatoi sauti,
kwa sababu hataki kukuamsha.

Kaka yangu Loren naye hakutaka kumwamsha mtu.

Rafu ya tatu, karibu na chambo za samaki,
kuna taa inayojiwasha mtu akipita. Dola kumi na mbili.
Chukua mbili: moja ya ukumbini, moja ya baraza ya nyuma.
Ukiona uso, huna haja ya kukisia.

La, kalamu iache kwanza.
Mpigie Darrell.
Mwambie kuanzia leo atabisha hodi mlangoni kwa mama yake,
kwa sauti, kwa jina lake lote,
hata kalewa, hata kama aibu inamkaba,
na asiguse kitasa mpaka asikie karibu.

Simu hii hapa. Namba unaijua.
Mimi nitajifanya nahesabu risasi.