Bizimu

Lililetwa ndani ya kopo la biskuti,
limezongwa gazeti la wiki iliyopita,
na Eutimio, anayelima ngano Valdecardos,
akavua kofia kana kwamba kaleta maiti.
"Jembe la trekta liligonga jiwe," akasema.
"Chini ya jiwe, mifupa. Juu ya nyonga, hili."
Hakutaka kukaa. Hakutaka kahawa.

Sahani ya shaba, pana kama kiganja changu,
imekatwa vijumba, vijumba,
na kila kijumba na mpangaji wake:
yakuti nyekundu, kioo cha kijani, kipande cha kombe
kutoka bahari ambayo mvaaji huenda hakuiona.
Chini ya kila yakuti sonara alitandika
utando wa dhahabu uliofinywa mistari,
mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
ili mwanga ukiingia usipotee, urudi.
Kazi isiyoonekana,
kazi ya mtu asiyetaka kulidanganya hata giza.

Isipokuwa kijumba kimoja, pembeni.
Yakuti ilidondoka, sijui sokoni, sijui kisimani,
na mtu mwingine, mwenye mkono mzito,
akaziba pengo kwa nta na kigae cha chupa.
Nilicheka peke yangu maabarani.
Siku hiyo sketi yangu nami ilishikwa na pini.

Miezi mitatu nilikwangua kutu
kwa wembe, kwa mwiba wa nungunungu, kwa mate.
Kona ya mwisho, penye ulimi wa chuma,
hadubini ikanionyesha nyuzi:
sufu, msokoto wa kushoto, kumi na moja,
zimegeuka kutu bila kuacha kuwa nyuzi.
Kando yake, chapa ya ngozi ya mkanda
na matundu mawili:
moja limelegea, limechoka kwa miaka;
la pili jipya, limetobolewa kwa haraka, limekwenda upande.

Alikonda, akakaza mkanda mwaka wa njaa?
Au tumbo lilikuwa likikua,
na waliomzika wakamfunga mkaja wa shaba
kwa uzazi ambao haukufika?
Ngozi imekatika hapo hapo. Haisemi.

Mkurugenzi Leocadio ana mabango tayari.
"Chini ya uchafu huo kuna yakuti nne, Obdulia.
Safisha."
Nilishika wembe.
Nikapumulia lenzi, nikaifuta, nikapumulia tena.
Nikaurudisha wembe kwenye ala yake.

Sasa limo kabatini, ghorofa ya pili,
lote linawaka kama kaa, ila kona moja.
Wanafunzi hubandika pua kwenye kioo:
"Mbona hamkumaliza kuosha?"

Jumapili moja alikuja Eutimio, na viatu vya kanisani.
Alitazama muda mrefu, hapo hapo pachafu,
halafu, bila kujijua,
akaushika mkanda wake mwenyewe
akausogeza tundu moja.