Pima

Bwana Kajiru aliingia dukani na mfuko wa salfeti,
akautua mezani kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.
"Hiki ndicho kiinua mgongo changu," akasema.
Miaka ishirini na saba karani wa mkonge, njia ya Pongwe;
shamba lilipofilisika wenzake waligawana makabati,
mmoja akapata jokofu, mwingine kengele ya zamu,
yeye akaangukiwa na karatasi hii ya Kifaransa
iliyokuwa imetundikwa chooni kwa meneja.

Nikaikunjua. Harufu ya dawa ya nondo, na mvua za zamani.
Bahari rangi ya chai iliyopoa.
Visiwa vimetawanyika kama chenga zilizomponyoka mpepetaji:
Burboni, Rodrigi, Komoro, Shelisheli,
kila kimoja na vilima vyake vyenye manyoya ya wino,
na majina kwa mwandiko wa mtu asiye na njaa.

Upande wa bara, hakuna.
Ufuo umepigwa mstari, nyuma yake weupe mtupu
na tembo mmoja, masikio madogo kama ya mbuzi.
Mchoraji hakumwona tembo. Alisimuliwa.
Nikaitafuta Tanga kwa ncha ya msumari.
Mombasa ipo. Pemba ipo, nene kuliko haki yake.
Pembeni mwamba, na kijimsalaba: hatari.
Msalaba huo, nadhani, ndio sisi.

"Na hizi namba baharini? Bei?"
Si bei. Ni kina.
Mjukuu wake wa chuo akamweleza kwa simu:
kipimo cha kale, mikono miwili ikinyooshwa,
kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole.
Nikacheka peke yangu. Pima!
Kumbe nao waliijua bahari kwa kukumbatia hewa.
Mama yangu, Mwanaharusi binti Shehe,
aliyeokota chaza Ulenge hadi kucha zikaisha,
hakuandika saba wala kumi na mbili;
alisema maji ya goti, maji ya kiuno,
maji ya rudi nyumbani.

Halafu nikaziona nukta.
Kutoka Kilwa hadi Burboni, moja nyuma ya nyingine,
kama sisimizi waliokwishajua sukari iliko.
"Njia ya merikebu," akasema, kwa fahari ya karani.
Nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini.
Arobaini na moja.
Miwa ile ilitaka mikono.
Hilo hata mimi niliyeishia darasa la saba nalijua.
Mchoraji alichovya kalamu, nukta, akachovya, nukta,
wala hakuna nukta iliyo kubwa kuliko mwenzake,
hakuna iliyosimama njiani ikalia.
Mikono miwili ikinyooshwa.
Na iliyofungwa, hupimaje?

Katikati ya maji mchwa wamekula tundu,
lina ghuba mbili na rasi.
"Lizibe," akasema.
Nikamwambia, liache, hicho nacho kisiwa,
tena hiki kimechorwa na wenyeji.
Hakucheka. Alikuwa akiwaza wanunuzi wa Ulaya.

Nikakata kioo, sitini na mbili kwa arobaini na nane,
almasi ya marehemu baba ikatoa mlio wake wa panya.
Fremu ya mvule, misumari minane, mkanda mgongoni.
Namkabidhi, ndipo ninapoiona:
alama ya dole gumba langu, gundi na vumbi,
kwa ndani, upande usiofutika bila kufungua upya,
pale pale penye msalaba.

Sikusema.
Akaomba nimpunguzie elfu tano. Nikampunguzia tatu.
Akaondoka nayo kwapani, uso wa ramani ukitazama nje,
Barabara ya Tisa yote ikipita juu ya bahari ile:
baiskeli, gunia la machungwa,
mtoto wa shule anayeburuta kiatu kimoja.