Jibu kwa Jirani Bogumił

Jana uliniuliza, umeegemea ua wa seng'enge,
mkononi chupa yenye picha ya fuvu:
"Wiesława, wewe uliyefunga sumu miaka ishirini na saba,
niambie, ipi inaua upesi?"
Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.
Leo mvua imeninyima usingizi. Acha nikujibu.

Zote zinaua upesi, Bogumił.
Ile ya unga wa kijivu ilinuka vitunguu vilivyooza;
tuliifunga kwa zamu, barakoa moja kwa watu wawili.
Nikirudi nyumbani paka alikuwa akinikimbia
mpaka nioge mara mbili.
Danuta, wa meza yangu, aliacha kuonja chumvi;
akawa anaitia kwenye supu kwa kubahatisha,
wajukuu wakicheka, kisha hawakucheka.
Wanasema dawa ya moto ni moto.
Huo moto mimi nimeushika
kwa glavu zilizotoboka.

Sasa ni saa sita usiku, Bydgoszcz imelala,
garimoshi la mizigo tu linapita nyuma ya vibanda vyetu.
Nimefunga taa kichwani kama mchimba makaa,
nimepiga magoti juu ya gunia, ndoo ubavuni,
naokota konokono wasio na nyumba,
wanene, rangi ya kutu, wanaoteleza vidoleni kama kamasi.
Mia moja na wanne. Kisha nikapoteza hesabu.
Na ile bia uliyonipa sikukuu ya jina langu,
samahani, sikuinywa:
nimeifukia ndani ya kopo la mtindi,
mdomo wa kopo sawasawa na udongo.
Asubuhi nilikuta walevi saba.

Lile pipa unalolinung'unikia, kweli linanuka.
Ni upupu, umelowa wiki mbili,
na kipimo chake ni kimoja kwa kumi vya maji.
Maharagwe hayana pua.
Karoti nimezipanga kati ya vitunguu
ili nzi wa kila mmoja apotezwe na harufu ya mwenzake,
na majivu ya jiko nimeyazungushia kabichi
kama mtu anayechora mpaka,
japo mvua ya leo, najua, imeshaufuta.

Usidhani ninashinda.
Mwezi wa sita vidukari weusi walivaa maharagwe yangu
kama soksi.
Binti yangu akasema, "Mama, piga dawa, yaishe."
Nikasubiri siku tisa, mikono ikiniwasha.
Ya kumi wakaja watoto wa kibibi,
vimamba vyeusi vyenye madoa ya chungwa,
wakala bila kuinua kichwa.
Nusu ya maharagwe ilikwisha potea.
Nusu nyingine tuliila na siagi.

Unakumbuka, shuleni, walivyotupeleka viazini
kuokota mbawakawa wa milia, kila mtoto na chupa ya mafuta ya taa?
Wewe ulijaza mbili, ukapewa penseli nyekundu.
Mimi nilimficha mmoja mfukoni
kwa sababu ya ile milia yake.
Mwalimu alinichapa, na alikuwa na haki:
mwaka ule viazi ndivyo vilivyokuwa chakula.
Sisemi kila mdudu ni mgeni wa heshima.

Ninasema hivi tu.
Chini ya zile mbao zako, kando ya tangi, anaishi chura.
Jike, lina kovu mguuni, mzito kama ngumi.
Kila jioni anapita chini ya ua, anakula kwangu,
alfajiri anarudi kulala kwako.
Hajui kiwanja namba kumi na saba wala kumi na nane.
Ukiifungua chupa ile, wa kwanza atakuwa yeye,
na mimi nitajua, kwa sababu nitaokota peke yangu.

Njoo kesho usiku, mvua ikikatika.
Nina taa ya pili, ilikuwa ya mwanangu.
Betri ulete wewe.