Uzi wa Kijani

Saa tisa na robo usiku, Chumbageni.
Nikadhani ni mimi ninayekohoa.
Nikashika kifua: kimetulia.
Kumbe ni Sufi, chini ya cherehani ya marehemu,
mgongo juu, shingo kaitoa kama anayepiga chabo,
khe, khe, khe,
kisha mkekani kikadondoka kitu
chembamba, kirefu, kimelowa.

Nikawasha taa, nikachutama,
nikakigeuza kwa njiti ya kiberiti.
Manyoya yake mwenyewe, yamesokotwa.
Miaka ishirini na sita chumba cha brashi
nimeshika singa za mkonge kwa matani,
sijaona ugwe uliokazwa vile.
Na katikati yake, uzi wa kijani.

Kulipokucha nikamtia kikapuni hadi Ngamiani,
kwa Rukaiya, daktari wa mifugo.
Akamminya tumbo, akamchungulia fizi.
"Ulimi wa paka ni msasa, meno yake yamelalia nyuma.
Akijilamba, unyoya hautemeki, hauna pa kwenda ila chini.
Mwingi hupita na choo, salama.
Unaobaki ndio huo unaokuamsha.
Mchane wewe, kila siku, kabla hajajichana yeye.
Maji yasikauke bakulini. Nyasi changa si haba.
Ila akijikamua asitoe kitu, akasusa hata dagaa,
usingoje kesho. Nigongee."
Akanyamaza, akaunyoosha ule uzi mezani.
"Na hizi zifagie.
Uzi hukata utumbo kama kamba ikatavyo kiganja."

Kuchana! Mimi nifundishwe kuchana!
Mimi niliyesimama mbele ya ngoma ya mashine,
shada la singa mkononi, nalitia, nalivuta,
linatoka linang'aa kama nywele za bibi harusi,
na vumbi lake lanishukia kifuani,
likaweka donge ambalo mpaka leo
halijapata njia, si ya mbele wala ya nyuma.

Chanuo la kwanza, Sufi akaning'ata.
La pili, akaning'ata palepale.
Nikamwambia, hata mkonge una miiba, mama,
nami sikuacha kazi.
Siku ya tisa akalala chali mwenyewe,
makwapa wazi, anakoroma.
Kila alasiri napata ngumi nzima ya manyoya meupe,
nayatupa, yanarukia kwa jirani, jirani anasonya.

Nyuzi ndizo zilizonishinda.
Tangu Mwatumu aondoke
sijapitisha ufagio chini ya cherehani.
Vile vijani ni vya gauni la Idi,
alilowahi kulitia mkono mmoja tu.

Jana nikapiga magoti.
Nikaviokota kimoja kimoja, na vingine kwa mate ya kidole,
nikavitia kopo la maziwa, nikakandamiza kifuniko.
Sufi akanitazama. Akapiga mwayo.

Saa tisa na robo nikaamka kwa mazoea.
Nyumbani alikuwamo mkohozi mmoja tu,
naye hana wa kumchana.