Damu ya Kulinganishia

Polima hii haikuyapenda maji.
Wiki tatu ilinigandia chini ya chupa kama ukoko wa wali,
ya njano, kaidi, naitikisa, inanitazama tu.
Nikaipachika mikono ubavuni, mmoja baada ya mwingine,
kila kiganja na chaji yake chanya,
na Jumatatu, saa tisa alasiri,
Birkat al-Mauz yote imelazwa na joto,
ikayeyuka. Ikaingia majini kimya,
kama mgeni aliyeonyeshwa pa kuvulia viatu.
Nilipowasha taa ya urujuanimno, ikawaka buluu.
Nilicheka peke yangu.
Kiyoyozi kikanijibu kwa kudondosha.

Sasa sikiliza, Zayana, uliyeniuliza kwenye simu
hasa kazi yangu ni nini.
Vinasaba vimevaa chaji hasi mgongo mzima.
Polima yangu ni chanya.
Hasi na chanya hawahitaji mshenga,
hukumbatiana humo humo majini;
ila ukizidisha chumvi, wanaachiana
(na hilo usiniambie hujaliona kwenye ndoa za watu).
Hapo naongeza kipande cha uzi cha kuagiza:
hakina chaji, hakina upande,
kimebeba rangi ya kijani mkiani.
Kikizikuta herufi zake kwenye damu, kinanasa,
na polima, iliyovikumbatia vinasaba,
inakikabidhi mwanga wake wote.
Buluu inageuka kijani.
Kisipozikuta, buluu inabaki buluu.
Herufi moja tu ikigeuka, kinapita
kama jirani aliyekununia.

Na herufi moja ndiyo inayotenga
seli ya mviringo na ile iliyopinda
kama mundu wa Ami Saud wa kukatia majani ya mbuzi.

Nilikuwa na damu arobaini za wachumba,
zina namba, hazina majina.
Nilikosa moja, ya kulinganishia, iliyo safi.
Ilikuwa Alhamisi, hospitali imeshafunga dirisha,
na mimi sina subira, unanijua.
Nikachoma kidole changu.

Mrija wa herufi iliyo sawa: kijani. Vizuri.
Mrija wa herufi iliyogeuka:
nikasema nimechanganya. Nikaosha, nikarudia.
Nikabadili glavu, nikarudia.
Kijani.
Kijani cha mgomba uliokwisha kupata zamu yake ya maji.

Nusu, basi. Mbebaji.
Siumwi; nimekabidhiwa tu,
kama mtu aliyetiwa barua mfukoni akiwa usingizini.
Nje falaji inagawa maji kwa haki,
kila shamba fungu lake, hakuna anayelalamika.
Mimi fungu hili sijui nimdai nani,
baba wa hapa au mama wa Wete,
na wote wawili wameshalala udongoni.
Nyumbani tulizoea kusema damu nzito kuliko maji.
Nimeiona usiku huu imo ndani ya maji,
nyepesi, haina uzito wowote, inang'aa.

Daftarini nimeandika: sampuli ya arubaini na moja,
ya kulinganishia, haifai.
Nikaikatia mstari. Nikaiandika tena.

Zayana, kwenye simu ulisema mambo mawili:
kazi yangu, na harusi yako ya Shaaban
na mtoto wa Ami Saud.
La kwanza nimekujibu.
Kwa la pili, njoo Jumapili, njoo na kidole,
na yeye mwambie aje na chake.
Kuleni kwanza. Hakihitaji njaa kipimo hiki.