Nyuzi Bapa

"Panya kaingia kwenye tango," alisema Raimo,
akazima kinasa sauti,
akacheka mpaka kodiani ikakohoa mapajani mwake.
Nikasikiliza tena.
Kweli. Kila nilipohamisha mkono shingoni mwa gitaa
vidole vilitoa ukelele mdogo, vwii,
kama mtu anayeburuta kiti matangani.

Miaka thelathini nawapigia watu wa Tampere wacheze,
na hakuna aliyeniambia.

Duka la Eljas liko nyuma ya kiwanda cha zamani cha pamba,
ngazi kumi na mbili chini ya theluji.
Kijana ana ndevu za babu na subira ya mkunga.
Alizitandaza pakiti mezani kama mgawa karata.
"Hizi zako zimezungushiwa waya wa duara.
Pitisha ukucha. Unasikia? Ngazi, ngazi, ngazi.
Hizi zimevikwa utepe:
chuma kimelazwa, kikasuguliwa, kikanyamaza."
Nikapitisha ukucha.
Ulikwenda kama ulimi juu ya jino.

Yuro ishirini na sita. Nikauliza kama zimetiwa dhahabu.
"Zitakuzika hizi," akasema, kisha akaona haya.
"Yaani, hazichakai upesi. Zinazeeka,
na zikishazeeka ndipo zinapofaa."
Nina miaka sitini na mmoja. Sikujibu neno.
Nikachukua nene, za kumi na mbili,
uzi wa tatu nao umevikwa,
maana uchi wake ungewasuta wenzake.

Usiku nikazikata za zamani mmoja mmoja.
Uzi wa sita ulishusha pumzi.
Shingo ya gitaa ikapinda kwa mzigo mpya;
nikatia ufunguo, robo mzunguko, nikangoja,
robo tena. Mti una hasira zake, haukurupushwi.
Kisha nikapiga.

Du.

Ule mng'aro umekwenda.
Mahali pake sauti fupi, nene,
kama maneno ya mtu aliyevua viatu mlangoni.
Nikajiuliza: nimenunua busara,
au nimenunua uzee kwa bei ya rejareja?

Siku ya nne mlango ukagongwa.
Bi Hillevi wa ghorofa ya chini,
koti juu ya gauni la kulalia,
bakuli la supu ya samaki limefunikwa kwa sahani.
"Unaumwa?"
Hapana.
"Sijakusikia. Saa tatu usiku huwa nakusikia."
Haiwezekani, nikamwambia. Napiga na visikizi masikioni,
na gitaa la umeme bila spika ni ubao tu.
"Sijui la nini. Vwi. Kimya. Vwi, vwi.
Nilidhani unasugua madirisha.
Nikishasikia, najua jengo lina mtu. Nazima taa."

Miaka kumi na mmoja, basi,
wimbo wote nimeula peke yangu
na yeye akaokota makombo,
akayafanya usiku mwema.

Nikatazama kikapu cha taka:
nyuzi kuukuu zimejikunja, bado zina jasho langu.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema.
Hawasemi unamwangukia nani.

Supu ikapoa.
Nikavuta spika ndogo toka uvunguni mwa kitanda,
nikaipangusa vumbi,
nikaifungua kidogo kama dirisha la Januari.
Lile tango la Raimo, polepole.
Kidole kikashuka shingo nzima,
kikafika bila kutangaza safari.

Bi Hillevi alikaa, kijiko mkononi,
kichwa kimeinama upande, akitafuta.
"Vwi iko wapi?"
Haipo tena.
"Aa." Akasikiliza zaidi.
"Kumbe ulikuwa wimbo."
Ndiyo.
"Tena wa huzuni."
Ndiyo.

Mlangoni akageuka, bakuli tupu kwapani.
"Usipandishe sana," alisema.
"Ila saa tatu usisahau."