Boliti ya Shemeji

Landikruza ya mwaka themanini na sita
iliingia Sanaiya ya Ibra saa nne na nusu,
jua limeshalala juu ya mabati
na spana ukiishika bila kitambaa inakuuma.
Ilisimama, ikaanza kulia oili:
tone kwenye kokoto, tone, tone,
kama mtu anayehesabu deni la mwenzake.

Akashuka Bi Rayya binti Hemedi,
funguo kidoleni, buibui lina vumbi la Bidiya.
Alisalimu kwa Kiarabu. Nikajibu. Akanikazia macho.
"Wewe wa Unguja ipi?"
"Nimezaliwa hapa hapa. Mama ndiye wa Ng'ambo."
Basi Kiarabu tukakiegesha kivulini.

"Mafundi watatu wamenibadilishia sili," alisema.
"Ya mbele, ya nyuma, na gasketi ya sampu.
Riali tisini, na risiti ninazo.
Marehemu kaiendesha miaka ishirini
haikudondosha hata tone la kumlowesha sisimizi."

Sikuinama chini ya gari.
Nilifungua boneti:
silinda sita kwenye mstari mmoja,
sufuria sita juu ya jiko refu,
na tapeti kava imebabuka rangi.
"Washa, Bibi."
Ikaunguruma. Nikakitazama kijiti cha kupimia oili.
Kinapanda chenyewe, polepole,
kama mtoto anayenyoosha shingo
asikie wanayonong'ona wakubwa.
Nikakisukuma chini.
Kikapanda tena.

Pistoni haizuii kila kitu.
Moto ukilipuka juu yake, moshi kidogo
hupenya kando ya ringi, ukateremka kwenye krenki,
na huko chini hauna kazi wala kitanda.
Walioiunda walilijua hilo. Wakaweka mpira
wa kuleta hewa safi kutoka kwenye chujio,
na upande wa pili valvu, urefu wake tende moja,
inyonye ule moshi urudishwe motoni.
Ukiuzibia, hautakuomba ruhusa.
Utatafuta penye udhaifu utoke na oili yako,
na sili ukiibadilisha mara tatu
mara tatu itasukumwa.

Nikaufuata mpira kwa kidole mpaka nyuma ya kava.
Valvu hakuna.
Pana boliti, ya spana namba kumi na nne,
imevishwa utepe mwekundu, imekazwa kwa hasira.

Bi Rayya akachungulia.
"Huyo Mahfudhi. Shemeji yangu.
Alisema tundu linatoa harufu."
Akanyamaza kidogo.
"Hata mlango wa choo akiufunga yeye, haufunguki."

Pete ya mpira inayoshika valvu
joto la miaka yote hiyo limeifanya biskuti.
Niliigusa tu, kipande kikaangukia ndani.
Rafiqul akakivizia robo saa nzima,
kibano mkononi, ulimi nje,
akamwita mama yake kwa Kibengali,
na kipande kikatoka.
Pete mpya, baisa mia tatu.
Valvu, riali mbili na nusu; kwanza niliitikisa sikioni,
ka-ka, ka-ka. Nzima.

Nikawasha. Nikafungua kifuniko cha oili.
"Nipe risiti moja, Bibi, yoyote."
Akanipa ile kubwa kuliko zote.
Nikailaza juu ya tundu lililokuwa likifoka.
Karatasi ikatetemeka, ikavutwa,
ikabana.
Kijiti kimekaa kwake, hakina habari.

Nilipotaja bei, alidhani nimesahau sifuri.
Akalipa, akaongeza ya chai ya Rafiqul,
kisha akanyoosha kiganja:
"Na boliti yangu."
Akaifuta, akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani.
"Ijumaa anakuja kunywa kahawa.
Nitamwekea kwenye kisahani, ubavuni mwa halwa.
Sitasema neno."

Aliondoka kwa gia ya pili, mkono nje ya dirisha.
Penye kokoto palibaki doa la asubuhi.
Rafiqul akalimwagia mchanga,
nasi tukafunga mlango, adhuhuri imeshawaka.